Msumeno wa Chama, Kuni za Bani na Daftari la Katibu

Kwa wakulima wa tumbaku wa Tabora na Urambo, miezi ya kiangazi ndiyo miezi ya kuni. Tumbaku ya mvuke hukaushwa ndani ya bani kwa joto la moto wa kuni lipitalo katika mabomba, na mkulima asiye na kuni kavu ifikapo Februari hana namna ya kuyaokoa majani yaliyokwisha kuiva shambani. Kwa kuwa siku za katikati ya juma hushikwa na masoko ya tumbaku, na baadaye vitalu vya miche, kazi ya kukata na kusomba kuni aghalabu huangukia Jumamosi na Jumapili.

Ili kuwapunguzia wanachama adha hiyo, chama cha msingi chaweza kununua msumeno wa mnyororo, ambao wengi huuita chenso, na kuuazimisha kwa zamu. Jambo hilo ni jema. Lakini mashine ya watu wengi huharibika upesi kuliko mashine ya mtu mmoja, na ikiharibika huzaa ugomvi katika mkutano mkuu. Tuseme mwanachama wa zamu ya tatu ameurudisha msumeno umekwama. Yeye asema aliupokea ukiwa mgonjwa. Wa zamu ya pili asema aliutoa ukiwa mzima. Na Katibu hana maandishi yoyote. Hapo gharama huangukia wanachama wote, hata wale ambao hawakuugusa. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuepuka hali hiyo.

Petroli na oili

Injini ya msumeno haina bakuli la oili kama injini ya gari. Oili yake huchanganywa ndani ya petroli yenyewe, na ndiyo inayolainisha pistoni na beringi. Kwa hiyo mtu akitia petroli tupu, pistoni hukwaruza silinda na kushikamana nayo katika muda mfupi wa kazi. Hiyo si kasoro ya kuondolewa kwa spana. Mara nyingi hudai silinda na pistoni mpya.

Kitabu cha mashine ndicho kinachoamua kipimo. Mashine nyingi za siku hizi hutaka sehemu 1 ya oili kwa sehemu 50 za petroli, yaani mililita 100 kwa lita 5. Nyingi za zamani hutaka sehemu 1 kwa 25, yaani mililita 200 kwa lita 5. Oili iwe ile iliyotengenezwa kwa injini za aina hiyo, wala si oili ya gari. Inafaa mchanganyiko ufanywe stoo na mtu mmoja aliyechaguliwa, katika dumu lililoandikwa wazi, na usiwekwe zaidi ya mwezi mmoja.

Tangi la pili ni la oili ya mnyororo. Kila petroli inapojazwa, oili hiyo nayo ijazwe. Wako wanaotumia oili chafu iliyotolewa katika trekta. Hiyo ina chembe za chuma zinazokula pampu pamoja na bapa linaloongoza mnyororo, na si salama kwa ngozi ya mtumiaji.

Mnyororo na tupa

Mnyororo mkali hutoa vipande vya mti. Mnyororo butu hutoa unga. Mtumiaji akiona unga, au akilazimika kuukandamiza msumeno ili ukate, hana budi kusimama na kunoa. Anayeendelea kusukuma huchoma petroli, huchosha injini, na hujiweka katika hatari.

Kunoa hufanywa kwa tupa ya duara yenye unene uliotajwa katika kitabu. Unene wa milimita 4.0, 4.8 na 5.2 ndio unaotumika sana. Tupa husukumwa kutoka ndani ya jino kwenda nje, kwa upande mmoja tu bila kurudishwa kwa kukwaruza, na kila jino lipewe idadi ile ile ya misukumo. Meno ya upande mmoja yakiwa mafupi kuliko ya upande wa pili, msumeno hukata kwa kupinda.

Mnyororo ukazwe injini ikiwa imezimwa. Usining'inie chini ya bapa, lakini uweze kuvutwa kwa mkono uliovaa glavu. Ukikazwa ungali na moto wa kazi, hapana budi ulegezwe kabla ya kuwekwa stoo, maana chuma kikipoa hujikunja na kuvuta mhimili wa injini.

Kuangusha mti

Mnyororo wa msumeno hukimbia zaidi ya mita 20 kwa sekunde. Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni ile ya ncha ya bapa: sehemu ya juu ya ncha ikigusa gogo au tawi, msumeno wote hurushwa nyuma kuelekea uso na shingo ya mtumiaji, kwa kasi asiyoweza kuizuia. Kwa ajili hiyo msumeno ushikwe kwa mikono miwili, vidole gumba vikizunguka vishikio. Usiinuliwe kupita mabega. Na mashine yenye breki ya mnyororo iliyovunjika isitolewe stoo hata kwa saa moja. Kofia ngumu, kinga ya macho na masikio, suruali ya kinga na buti imara vihesabiwe kuwa sehemu ya mashine, viazimwe pamoja nayo.

Kabla ya kukata, mkataji atazame mti unakoegemea, aondoe vichaka, na aandae njia ya kukimbilia, nyuma na kwa upande. Kwanza hukata pengo upande ambao mti utaangukia, kwa kina cha robo ya unene wa shina au pungufu kidogo. Kisha hukata kutoka nyuma, juu kidogo ya usawa wa pengo, na kuacha ukanda usiokatwa ambao ni kama bawaba ya mlango. Kwa shina la sentimita 40, bawaba iwe na unene wa sentimita 4 hivi. Anayeikata bawaba yote huupa mti uhuru wa kuanguka utakako. Watu wengine wote wakae umbali usiopungua urefu wa mti mara mbili, wala pasiwe na mtu anayefanya kazi hiyo peke yake porini.

Hali kadhalika, wanachama wakumbuke kwamba kukata miti katika msitu wa hifadhi bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002. Katibu aulize ofisi ya misitu ya wilaya masharti ya kumiliki na kutumia msumeno, na nakala ya kila kibali aitunze katika jalada. Mninga ni mti wa mbao, si wa bani. Mikaratusi na mijohoro iliyopandwa, pamoja na miti mingi ya miombo, huchipua tena kutoka kisikini endapo shina litakatwa chini, kwa mkato safi ulioinama ili maji yasituame.

Kukausha na kusomba

Kuni zilizokatwa Juni na kupangwa mahali penye upepo hupata miezi sita au zaidi ya kukauka kabla ya bani la kwanza kuwashwa. Kuni mbichi hutumia sehemu kubwa ya joto lake kugeuza maji yake yenyewe kuwa mvuke, hivyo mkulima hulazimika kukata miti mingi zaidi kwa tumbaku ile ile.

Kusubiri huko hupunguza pia mzigo. Lundo lililopangwa lenye urefu, upana na kimo cha mita 1 lina nafasi nyingi za hewa. Mti wenyewe ni kama thuluthi mbili tu. Hata hivyo, kwa miti migumu iliyo mibichi, lundo hilo laweza kufikia kilo 650 au zaidi. Tela la tani 3 basi halipaswi kubeba malundo zaidi ya 4, ingawa kwa macho laonekana lina nafasi.

Gogo linapovutwa kwa trekta, mnyororo ufungwe katika kishikio cha chini cha kuvutia, kamwe si juu ya ekseli. Ukifungwa juu, trekta huinua magurudumu ya mbele na kumwangukia dereva kwa nyuma. Pini ya tela iwe na kizuizi chake. Mteremko ushukwe kwa gia ndogo iliyoingizwa kabla ya kuanza kushuka. Wala asipande mtu yeyote juu ya kuni, hata akiwa ni mwenye kuni.

Daftari na mfuko wa matengenezo

Kila msumeno uandikwe katika daftari la mali kwa namba yake. Daftari la pili liwe la kuazima, lenye safu hizi: tarehe, jina la mwanachama, hali ya mashine ilipotoka, petroli iliyotolewa, saa zilizofanywa, hali ya mashine iliporudi, na sahihi za pande zote mbili. Mashine iwashwe mbele ya wote wawili inapotoka na inaporudi. Kila Jumatatu mtunza stoo asafishe chujio la hewa na plagi, afute unga wa mti, na akaze nati zilizolegea.

Ada ya kuazima isiwe ya kukisia. Kwa mfano, ikiwa kamati inakadiria kuwa msumeno na vipuri vyake vitagharimu shilingi 1,500,000 kwa saa 1,000 za kazi, basi kila saa ina deni la shilingi 1,500, mbali na petroli na oili. Fedha hizo ziwekwe katika hesabu yake, zisichanganywe na matumizi ya ofisi, ili siku mashine itakapochakaa wanachama wasirudi kukatwa upya katika malipo ya tumbaku.

Kamati iliyo na msumeno stoo yafaa ikutane kabla ya Jumamosi ya kwanza ya Juni ili ipitishe mambo matatu na kuyaandika katika muhtasari: nani atachanganya petroli, nani amefunzwa na kuruhusiwa kuushika msumeno, na ada ya saa ni kiasi gani. Orodha ya zamu ibandikwe mlangoni mwa ofisi. Mwanachama ambaye jina lake halimo katika orodha ya waliofunzwa apewe zamu pamoja na mkataji aliyeruhusiwa, naye ashughulike na kupanga na kusomba.