Kanyaga, Achia: Breki za Nyuma ni Kazi ya Wawili

Gari la kwanza likiingia nyumbani, Starlet, Vitz ya kizazi cha kwanza au Corolla ya zamani, wengi wetu tunahangaikia muziki, rimu na tinti. Breki? Tunasubiri zipige kelele. Zikipiga, baba anapeleka gari gereji, anaambiwa "tumeshabadilisha, bosi," analipa, anaondoka. Ukimuuliza ni za mbele au za nyuma, hana jibu. Na mama ambaye kesho yake asubuhi anawapeleka watoto shule kwa gari hilo hilo, yeye hata hakuambiwa.

Hapo ndipo penye tatizo, wapenzi wasomaji. Gari la familia ni kama akaunti ya pamoja: anayeliendesha leo anabeba roho ya mwenzake na za watoto. Sasa kwa nini mmoja ajue hali yake na mwingine asijue? Mwezi huu tunawapa kazi ya Jumamosi ambayo mtaifanya wote wawili: kubadilisha shuu za breki za nyuma.

Kuna nini ndani ya dramu?

Toyota nyingi ndogo za zamani zina diski mbele na dramu nyuma. Dramu ni kile kitu kama sufuria la chuma nyuma ya rimu. Ndani yake kuna shuu mbili zilizopinda kama mwezi mchanga, kila moja imebandikwa liningi. Ukikanyaga pedali, mafuta ya breki yanasukuma pistoni za wili silinda, nazo zinatanua shuu mpaka liningi zinasugua ukuta wa dramu. Ukiachia, springi zinazirudisha. Handibreki nayo inavuta shuu hizo hizo, ila kwa kebo.

Gari likifunga breki, uzito hukimbilia mbele, kwa hiyo pedi za mbele huisha haraka zaidi. Shuu za nyuma zinaweza kudumu miaka, na ndiyo maana zinasahaulika. Lakini ngojeni siku mnashuka Kitonga na mizigo ya Krismasi, au mmekwama kwenye foleni ya mlimani na handibreki ikakataa kushika. Ndipo mtazikumbuka!

Dalili hizi msizipuuze

• Handibreki inapanda juu sana kabla ya kushika.
• Pedali inazama kuliko zamani.
• Nyuma kunasikika sauti ya chuma kukwaruza chuma.
• Gari linavuta upande mmoja mnapofunga breki.
• Kuna unyevu wa mafuta upande wa ndani wa tairi la nyuma.

Hiyo ya mwisho si ya kusubiri Jumamosi. Mafuta ya breki yakivuja, gari lisiondoke. Mwiteni fundi aje hapo hapo lilipo.

Kabla ya kushika spana

Nunueni shuu za magurudumu yote mawili. Kubadilisha upande mmoja tu ni kulifanya gari livute. Mkienda Gerezani pale Dar, au Kirinyaga Road kama mpo Nairobi, bebeni namba ya chesisi, msitaje jina la gari tu. Corolla ziko nyingi na dramu zake hazilingani. Ongezeni springi mpya kama za zamani zimechoka, vile vibana vidogo vya umbo la C, na grisi inayohimili joto.

Gari liwe mahali tambarare, penye sakafu ngumu. Weka gia ya kwanza, au P kwa otomatiki. Zuia matairi ya mbele kwa vigingi, kisha achia handibreki, maana ikiwa imevutwa dramu haitoki. Legeza nati za rimu tairi likiwa bado chini, ndipo upige jeki. Na hapa hatutanii: jeki inayokuja na gari ni ya kubadilishia tairi tu. Gari likishapanda, likalie stendi imara. Tofali la bloku linaweza kupasuka ghafla, msilitumie.

Vaeni miwani, glavu na barakoa. Shuu za zamani zinaweza kuwa na asbestosi, na vumbi lake linadhuru mapafu kwa miaka. Msilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Lilowesheni kwa maji ya sabuni, mlifute kwa kitambaa kisha mkitupe. Watoto wacheze mbali siku hiyo.

Haya, tufungue

1. Toa tairi, vuta dramu. Ikigoma, angalia usoni mwake: dramu nyingi za Toyota zina matundu mawili yenye nyuzi za bolti za milimita 8. Ingiza bolti mbili, zikaze kwa zamu, kidogo kidogo, nayo itajisukuma nje. Ikiwa bado imeng'ang'ania, shuu zimetengeneza ngazi kwenye ukuta wake. Legeza ajasta kupitia tundu lililopo nyuma ya bamba.

2. Piga picha kwa simu kabla ya kugusa chochote. Fungua upande mmoja tu, ule mwingine ubaki mzima uwe kitabu chenu cha kuigia.

3. Pima liningi. Kwa Toyota nyingi kikomo ni milimita 1. Usingoje ifike hapo.

4. Inua taratibu mpira wa wili silinda. Ukikuta kumelowa, silinda inavuja na lazima itengenezwe kwanza. Shuu mpya zikilowa mafuta ni za kutupa.

5. Toa springi kwa plaizi. Zile ndogo za ubavuni unazibonyeza na kuzungusha pini. Zile ndefu zina nguvu, zinaweza kuruka usoni.

6. Hamisha mkono wa handibreki kutoka shuu ya zamani kwenda mpya, na ufunge kibana kipya cha C.

7. Safisha bamba, paka grisi nyembamba pale shuu zinapogusana na bamba na kwenye nyuzi za ajasta. Ajasta ya kushoto na ya kulia si sawa, msizichanganye. Liningi isiguswe na grisi hata tone.

8. Rudisha vitu kama picha inavyoonyesha. Kagua dramu nayo: kikomo cha kipenyo chake kimeandikwa kwenye chuma chenyewe. Ikiwa imezidi au ina nyufa, nunua nyingine.

9. Vaa dramu, tanua ajasta mpaka uisikie ikisugua, kisha rudisha kidogo izunguke kwa ulaini. Ndipo mhamie upande wa pili.

"Usikanyage!"

Kuna neno moja ambalo leo lazima liheshimiwe ndani ya nyumba: usikanyage. Dramu ikiwa nje, mtu akikanyaga pedali, pistoni za wili silinda zinaruka na mafuta yote yanamwagika. Kwa hiyo kubalianeni mapema. Aliye chini ndiye anayetoa amri, na aliye kwenye usukani anairudia kwa sauti kabla ya kutenda. "Kanyaga." "Nakanyaga." "Achia." "Nimeachia." Mtacheka mwanzoni, lakini ndivyo kazi za hatari zinavyofanyika.

Na jamani akina kaka, mkeo asiwe wa kushika tochi tu! Tairi la kushoto fanya wewe, yeye asome hatua na kukagua. La kulia afanye yeye, nawe ukae kimya mpaka uulizwe. Najua, inauma. Kuna wanaume wakiona spana imeshikwa vibaya wanaipokonya, na Jumamosi inaishia hapo. Ukimpokonya, ujue umemfundisha kitu kimoja tu: kwamba hilo gari si lake. Siku breki zikigoma ukiwa safarini, atampigia nani?

Nanyi akina dada, msijifiche kwenye "hayo ni mambo ya wanaume." Mwanamke anayejua shuu zake zimebaki milimita ngapi ni vigumu kuuziwa uongo gereji.

Msiwashe mkakimbia

Dramu zote zikisharudi, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, vuta na kuachia handibreki, kisha angalia mafuta ya breki kwenye chupa yake. Kaza nati za rimu kwa mtindo wa msalaba. Toyota nyingi ndogo zinataka Nm 103, hivyo azimeni spana ya kupimia nguvu, na mzikague tena baada ya safari za mwanzo.

Jaribuni kwenye barabara tupu, taratibu. Kimbia kilomita 40 kwa saa, punguza kwa upole hadi kama 10, rudia mara kadhaa huku ukiziachia zipoe. Pedali ikiwa laini kama sifongo, kuna hewa ndani. Likivuta upande, kuna kilichokosewa. Rudisheni nyumbani polepole kama ni hatua chache, la sivyo liegesheni na mwite fundi.

Kama hamjawahi kabisa, hakuna aibu kumwita fundi mnayemwamini aje nyumbani asimame pembeni mara ya kwanza. Mlipeni muda wake. Mnachonunua hapo ni ujuzi wa watu wawili, na mwakani mtafungua wenyewe.

Mkimaliza, andikeni tarehe na kilomita kwenye karatasi, muiweke ndani ya gari pale wote mnapoiona. Kisha mwende mkaoge, maana weusi huo hautoki kwa maji matupu. Na chakula cha jioni? Leo apike yule aliyevunja amri ya "usikanyage." Wikiendi njema!