Unatoka Kilosa kwenda Njombe? Soma hii kabla hujanunua hita

Mwaka jana mwezi wa saba mdogo wangu alikuwa anakwenda fildi Njombe. Mama akamfungia begi kama la mtu anayehama nchi: blanketi mbili, soksi za kutosha na kijiko kidogo cha mkaa, "cha kuota moto usiku". Nyumbani ni Mvumi, Kilosa. Shida zetu huku ni feni na chandarua, baridi tunaisikia kwenye redio. Usiku nikalitoa lile jiko kwenye begi, na asubuhi tukagombana kidogo na mama.

Kwanza, baridi yenyewe inatoka wapi? Kilosa iko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, Njombe ni karibu mita 2,000. Kwa wastani, kila ukipanda mita 1,000 joto la hewa linashuka kama nyuzi 6.5. Yaani dogo alikuwa anakwenda kupoteza karibu nyuzi 10 kwa kupanda mlima tu, tena katika miezi ambayo nusu yetu ya dunia imelipa jua kisogo.

Sasa jiko. Mkaa ukiungua kwenye chumba kilichofungwa unatoa gesi ya monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Inashikana na hemoglobini ya damu yako kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo unapumua vizuri kabisa huku mwili unakosa hewa. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na aliyelala hazioni. Nilishaionja hii nikiwa nimepanga Mbeya. Tuliamka vichwa vinagonga, mwenzangu akaanguka akijaribu kufika mlangoni. Jiko lilikuwa limebaki majivu tu, tukidhani limeshazima. Tangu siku ile sibishani na mtu kuhusu jiko la chumbani.

Kwa hiyo hita ya umeme. (Dukani sema "hita ya chumba", la sivyo utapewa ile koili ya kuchemshia maji ya kuoga.) Muuzaji atakwambia hii inakula umeme kidogo kuliko ile. Muulize ina wati ngapi, basi. Hita ya wati 1,000 inakula uniti moja kwa saa na inatoa joto la uniti moja, iwe ya bei rahisi au ya bei mbaya, kwa sababu umeme wote unaishia kuwa joto. Tofauti ni joto hilo linakwenda wapi.

Hebu tupige hesabu. Chumba cha mita 3 kwa 3, urefu mita 2.5, kina hewa ya kilo 27 hivi. Kuipandisha nyuzi 10 kunahitaji kama kilojouli 270. Hita ya wati 1,000 inamaliza kazi hiyo kwa dakika tano kasoro! Mbona basi unakaa saa nzima bado unatetemeka? Kwa sababu kuta nazo zinanyonya joto, na hewa ya moto inapanda juu. Kama chumba hakina dari, unapasha bati, na bati linapasha mawingu ya Njombe.

Hapo ndipo uchaguzi ulipo. Chumba kisicho na dari, au chenye uwazi juu ya ukuta, chukua hita ya miale, ile yenye nondo zinazowaka nyekundu na bati la kung'aa nyuma. Miale inakupiga wewe moja kwa moja bila kusubiri hewa ipate moto. Iwekwe mbali na shuka na pazia, na usilale inawaka. Chumba chenye dari na dirisha linalofunga, ile ya mafuta ni nzuri zaidi. Mafuta yake yamefungiwa ndani, hayaungui wala huongezi. Inachelewa kupata moto, lakini ikiwa na themostati inajizima na kujiwasha yenyewe. Za feni zinapasha haraka, ila ukizima tu, baridi imerudi. Kiyoyozi cha kupasha ndicho pekee kinachotoa joto kama mara tatu ya umeme kinaokula, maana kinalivuta kutoka nje. Lakini nani anafunga kiyoyozi kwenye geto la kupanga?

Halafu kuna LUKU. Kwa bei ya kawaida ya nyumbani uniti moja pamoja na kodi ni kama shilingi 356, ndiyo maana elfu kumi inakupa uniti 28 hivi. Hita ya wati 1,500 kwa saa sita ni uniti 9, zaidi ya shilingi 3,200 kwa usiku mmoja. Na kama mita ya mwenye nyumba iko kwenye bei nafuu ya wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, utazimaliza peke yako kwa siku tisa. Zungumza naye kabla, siyo baada.

Nyaya je? Hita ya wati 2,000 inavuta kama ampea 9. Chomeka na jagi la maji kwenye ekstensheni hiyohiyo unapita ampea 13 za plagi. Hita ichomekwe ukutani, peke yake. Baada ya nusu saa gusa plagi: ikiwa ya moto, zima.

Dogo mwishowe hakununua hita. Chumba alichopata hakikuwa na dari, na mita walikuwa wanachangia watu wanne. Alinunua famasi chupa ya mpira ya lita mbili. Kupasha maji hayo kutoka nyuzi 20 hadi 70 ni umeme wa kama shilingi 42, na joto lote linabaki chini ya blanketi, pale miguu ilipo. Mama bado anauliza jiko lake liko wapi.