Kiwanda kilifungwa, bei ikapanda

Mfanyabiashara wa mpakani anajua kwamba bidhaa ikiadimika, bei hupanda. Lakini ipo pombe moja ambayo ilipata thamani kubwa baada ya kiwanda chake kufungwa. Ni wiski ya Port Ellen, kutoka kisiwa cha Islay huko Scotland.

Kiwanda hicho kilianzishwa mwaka 1825. Wiski yake ni ya kimea cha shayiri pekee, kilichokaushwa kwa moshi wa udongo mweusi wa kinamasi, ule ambao Wanyarwanda tunauita nyiramugengeri. Baada ya kukenekwa katika mitungi ya shaba, pombe hulazwa ndani ya mapipa ya mwaloni. Sheria inataka ikae humo si chini ya miaka 3 ndipo iitwe wiski.

Ikiwa ndani ya pipa, kiasi cha asilimia 2 hupotea hewani kila mwaka. Waskoti husema hilo ni fungu la malaika. Kwa hesabu yangu ya ualimu, pipa la lita 200 baada ya miaka 30 hubaki na lita 109 hivi. Ndiyo maana wiski ya zamani ni ghali.

Mwaka 1983 soko lilikuwa limejaa wiski kupita kiasi. Kampuni yenye Port Ellen ilikuwa na viwanda vingine viwili kisiwani humo, Lagavulin na Caol Ila, hivyo ikakifunga hiki. Mapipa yakabaki ghalani. Kuanzia mwaka 2001, kampuni ya Diageo ikawa inayatoa kidogo kidogo, na leo chupa moja huuzwa kwa maelfu ya dola.

Hapa wafanyabiashara wawe macho. Umri wa wiski huhesabiwa ikiwa pipani tu. Chupa ya miaka 12 ukiificha kabatini miaka 20, itabaki ya miaka 12. Tena penye bei kubwa hapakosi matapeli: wapo wanaojaza chupa tupu za zamani. Usitoe mtaji wako kwa chupa isiyo na karatasi za kuonyesha ilikotoka.

Machi 2024 Port Ellen ilifunguliwa upya. Mitungi ya zamani haikuwepo tena, ikabidi itengenezwe mingine kwa kufuata michoro ya ile ya kwanza. Pombe iliyokenekwa mwaka huo haiwezi kuitwa wiski kabla ya 2027, na ya miaka 30 itapatikana 2054.

Mimi niliyesomea uhamishoni, Tanzania, nasoma habari hiyo kama mtu aliyerudi. Nyumba hujengwa upya kwa michoro, na jina la zamani likarudishwa mlangoni. Lakini miaka iliyopita mlango ukiwa umefungwa hainunuliki. Inabidi kuanza na mwaka wa kwanza, kisha wa pili, mpaka itimie.