Pafu moja, moyo uleule

Mtu akiondolewa pafu zima kwa sababu ya saratani, au kwa sababu TB imelila likaharibika, ndugu zake huuliza: atapumuaje? Wana haki ya kuuliza. Mimi huongeza swali la pili: moyo wake utasukumaje? Kwa wakazi wa Mbulu na Hanang swali hilo lina uzito wa pekee, maana Haydom na Katesh ziko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na oksijeni katika kila pumzi ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko Tanga au Dar es Salaam.

Damu yote, kama lita 5 kila dakika mtu akiwa ametulia, hupita mapafuni kabla ya kusambazwa mwilini. Pafu moja likitolewa, damu haipungui. Ni sawa na zizi la milango miwili: ukifunga mmoja, ng'ombe ni walewale. Kinachosaidia ni akiba. Mishipa midogo mingi ya pafu huwa imejifunga mtu anapopumzika. Damu ikizidi, hufunguka na kutanuka. Ndiyo maana mgonjwa aliyekaa kwenye benchi anaweza kuonekana mzima kabisa.

Mpandishe mlima na ndoo ya maji, mambo ni mengine. Akiba imeshatumika, shinikizo linapanda, na mzigo unaangukia chumba cha chini cha moyo upande wa kulia. Ukuta wake ni mwembamba, kwa sababu siku zote umefanya kazi nyepesi kuliko wa kushoto. Tena vifuko vya hewa vikikosa oksijeni ya kutosha, kama kwenye miinuko, mishipa inayovizunguka hujibana, na mlango uliobaki unazidi kuwa mwembamba. Mkimbiaji John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu, alikazwa na misuli katika marathoni ya Mexico City mwaka 1968, mita zaidi ya 2,200 juu ya bahari, naye alikuwa na mapafu yote mawili.

Siku za kwanza ndizo za hatari zaidi. Ndugu huuliza mbona mgonjwa hatundikiwi dripu nyingi apate nguvu. Maji yakizidi, pafu lililobaki linaweza kujaa, na hapo kumwokoa ni kazi ngumu. Wengine moyo hupiga ovyo, bila mpangilio, kabla haujatulia.

Nafasi iliyoachwa haibaki tupu. Kwanza ina hewa, kisha kwa wiki na miezi hujaa majimaji. Kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo hupanda, mbavu husogeleana, na moyo huvutwa upande huo. Kwenye eksirei upande mmoja ni mweupe wote na koo la hewa limepinda. Kwa aliyetolewa pafu la kulia, ambalo ndilo kubwa, mapigo yanaweza kusikika kulia kwa mfupa wa kifua. Wapo wanaoingiwa na hofu wakiliona hilo. Ni mwili umejipanga upya.

Pafu lililobaki hutanuka, ingawa kwa mtu mzima ni vifuko vilevile vinavyovutika zaidi; kwa mtoto hata vipya huongezeka. Na mtu anaweza kuishi nalo miaka mingi: daktari mpasuaji Evarts Graham alimtoa daktari mwenzake, James Gilmore, pafu zima la kushoto huko St. Louis, Marekani, mwaka 1933. Gilmore aliishi miaka 30 zaidi. Graham, aliyekuwa mvutaji sigara, alitangulia mwaka 1957 kwa saratani ya mapafu.

Kwa hiyo pafu lililobaki lilindwe na moshi: jiko la kuni lisilo na bomba la moshi lisiwe kwenye chumba anacholala mgonjwa. Atembee kila siku, akianzia tambarare, akiongeza mwendo taratibu hadi moyo uzoee. Miezi ikipita na miguu ikaanza kuvimba, au akahema kwa kazi aliyokuwa akiifanya bila shida, asiseme ni uchovu: aende hospitali aombe moyo upimwe kwa ultrasaundi.