Visingizio Vitano vya Mhalifu wa Mtandaoni

Ukimwuliza mtu mhalifu wa mtandaoni ni nani, huenda akakuambia ni kijana mwenye miwani aliyejifungia chumbani usiku wa manane, tarakilishi mbele yake, akiingia katika mitambo ya benki kwa ujuzi ambao mimi na wewe hatunao. Mimi pia niliamini hivyo. Leo nimeshika kalamu ili nieleze yale ambayo wataalamu waliouchunguza uhalifu huu wamegundua. Uhalifu wa mtandaoni hauanzi kwenye mashine. Huanza katika maneno ambayo mtu hujiambia moyoni.

Hebu tuanze mwanzo. Mwaka wa 1979, kabla intaneti haijafika majumbani, wasomi wawili wa Marekani, Lawrence Cohen na Marcus Felson, walitoa nadharia iliyo rahisi kueleweka. Walisema kwamba ili uhalifu utendeke, sharti mambo matatu yakutane mahali pamoja na wakati mmoja: mtu mwenye nia mbaya, mtu au kitu kinachofaa kushambuliwa, na kukosekana kwa mlinzi. Kuku akisahauliwa nje usiku, mwizi akapita, na mbwa amelala fofofo, basi kuku ameenda. Ondoa jambo moja tu kati ya hayo matatu, na wizi hautokei.

Intaneti ilipoenea, watafiti walijiuliza: je, nadharia kama hizo zingali na nguvu mahali pasipo na ua wala mlango? Mwaka wa 2001 Peter Grabosky, mtaalamu wa elimu ya jinai aliyefanya kazi Australia, aliuliza katika makala yake iwapo uhalifu huu ni divai ya zamani iliyotiwa katika chupa mpya. Jibu lake lilikuwa kwamba, kwa kiasi kikubwa, ndivyo ulivyo. Tamaa, kisasi na hamu ya kujionyesha ni zile zile za tangu jadi. Kilichobadilika ni chombo. Mfikirie yule tapeli anayepiga simu na kusema, "Nimekutumia pesa kimakosa, tafadhali nirudishie." Huyo hahitaji ujuzi wowote wa tarakilishi. Anachohitaji ni mtu mwenye huruma, aliye peke yake, asiye na wa kumwambia, "Ngoja, angalia salio kwanza."

Hata hivyo, kuna jambo ambalo mtandao umeliongezea nguvu. Mwaka wa 2004 John Suler, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza kwa nini watu hutenda mtandaoni mambo ambayo hawangethubutu kuyatenda uso kwa uso. Baadhi ya sababu alizotoa ni hizi: jina lako halijulikani, uso wako hauonekani, jibu la yule unayemtukana si lazima lije papo hapo, tena huhisi kama kuna mkubwa yeyote wa kukukemea. Ukimwambia mtu neno la kuumiza ana kwa ana, unaona macho yake yakilengwa na machozi, nawe unanyamaza. Kwenye simu machozi hayo huyaoni.

Sasa nafika kwenye kiini cha makala yangu. Mwaka wa 1957 wasomi wa elimujamii Gresham Sykes na David Matza waliandika kuhusu vijana wanaovunja sheria. Walisema kwamba si kweli kuwa vijana hao hawajui mema na mabaya. Wanajua sana! Ila hujitafutia visingizio vya kuituliza dhamiri ili waweze kutenda wanalotaka. Wasomi hao walitaja visingizio vitano. Nitavieleza vyote, na mifano sitaitoa mbali.

Likizo ya Agosti mwaka jana, mwenzetu mmoja aliazima simu yangu, kisha akasahau kutoka katika akaunti yake. Mimi na wenzangu wawili tulikaa chini ya mti tukawaandikia darasa zima maneno machafu kwa jina lake. Tulicheka hadi mbavu zikatuuma. Shule ilipofunguliwa, kiti chake kilikaa kitupu wiki nzima. Mwalimu wa ushauri nasaha akaniita, nami nikajitetea hivi.

Kisingizio cha kwanza ni kukana jukumu: "Mwalimu, si mimi niliyeanza, yeye mwenyewe ndiye aliyeacha akaunti wazi." Cha pili ni kukana madhara: "Ulikuwa mchezo tu, hakuna aliyeumia." Cha tatu ni kukana kwamba aliyetendewa alionewa: "Ati naye alizidi kuringa, alistahili." Cha nne ni kuwageuzia kibao wanaokulaumu: "Mbona wengine hufanya mabaya zaidi na hawaitwi?" Nyani haoni kundule! Cha tano ni kujificha nyuma ya kundi: "Singeweza kuwaacha marafiki zangu."

Mwalimu hakunifokea. Alinipa karatasi yenye vile visingizio vya mwaka wa 1957, akaniambia niweke alama kwa kila nilichokitumia. Niliweka alama tano. Nilikuwa nimejiona mjanja, kumbe nilikuwa nikiyarudia maneno yaliyoandikwa kabla baba yangu hajazaliwa.

Je, visingizio hivyo vina uzito kweli ama ni porojo za vitabuni? Watafiti Mikko Siponen na Anthony Vance walilichunguza jambo hilo katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2010. Waliwapa wafanyakazi visa vya watu wanaovunja kanuni za usalama wa tarakilishi kazini, kwa mfano kumpa mwenzako neno lako la siri, kisha wakawauliza kama nao wangefanya vivyo hivyo. Waligundua kwamba waliokubali visingizio ndio waliokuwa tayari zaidi kuvunja kanuni. Aidha, visingizio vilipotiwa katika hesabu, hofu ya adhabu haikuonyesha nguvu ya maana.

Jambo hilo linatuhusu sana sisi Wakenya. Tunayo sheria ya mwaka wa 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni. Kulingana nayo, anayetumia neno la siri au kitambulisho kingine cha mtu kwa hila anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Ni sheria kali na inafaa. Lakini chini ya ule mti sikuifikiria hata kidogo. Niliwaza tu, "Ni mchezo." Maneno hayo mawili ndiyo yaliyonifungulia mlango.

Basi tufanyeje? Turudi kwa Cohen na Felson na yale mambo yao matatu. Nia mbaya ni vigumu kuimaliza duniani, na watu wa kushambuliwa hawatakosekana. Lakini mlinzi tunaweza kumpata, wala si lazima awe polisi. Ni yule rafiki anayesema, "Wacha, hiyo si poa." Siku ile tulikuwa watatu, na hakuna hata mmoja aliyelitamka neno hilo.

Mwenzetu alirudi shuleni. Nilimwomba msamaha, akanijibu, "Sawa," basi. Zamani tulikuwa tukienda nyumbani pamoja jioni. Siku hizi yeye hupitia njia ya juu, nami napitia ya chini.

Wahenga hawakukosea waliposema kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha. Ndugu msomaji, siku utakapojisikia ukisema "ni mchezo tu" na kidole kiko tayari kubonyeza, kumbuka ile karatasi ya mwalimu, uhesabu alama zako kabla hujatuma.