Mabaki ya Vita Kufundishia Historia: Wanafunzi wa Masasi na Newala Wanavyoweza Kujifunza kwa Kuona na Kushika

Tangu Januari 2024, shule nchini zimeanza kutekeleza kwa awamu mitaala mipya inayotokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023. Miongoni mwa mabadiliko yake ni somo la Historia ya Tanzania na Maadili, ambalo ni la lazima na linafundishwa kwa Kiswahili. Mitaala hiyo imejengwa katika umahiri: mwanafunzi hapimwi tu kwa tarehe alizokariri, anapimwa pia kwa uwezo wake wa kuchunguza, kulinganisha na kueleza alichogundua.

Mabadiliko hayo yanaongeza umuhimu wa zana za kufundishia. Kwa walimu wa Masasi na Newala, mkoani Mtwara, baadhi ya zana hizo zipo jirani na shule: sarafu za kikoloni zilizohifadhiwa ndani ya familia, vyuma vinavyoibuka wakati wa kulima, majengo ya zamani na simulizi za wazee. Makala haya yanaeleza kwa nini eneo hilo lina utajiri wa historia ya vita, namna kitu kimoja kinavyoweza kuwa somo kamili, na tahadhari ambazo mwalimu, mzazi na mwanafunzi wanapaswa kuzizingatia.

Eneo lililopitiwa na vita tatu

Newala iko ukingoni mwa Uwanda wa Makonde, ikitazama bonde la Mto Ruvuma. Masasi iko magharibi, chini ya uwanda, katikati ya vilima vya mawe. Njia kati ya Lindi, Masasi, Newala na Ruvuma zimepitiwa na misafara ya biashara, wamisionari na majeshi ya mataifa mbalimbali.

Mwaka 1905, Vita vya Majimaji vilipoenea kusini, kituo cha misheni ya Kianglikana cha Masasi, kilichoanzishwa mwaka 1876 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, kilichomwa moto. Hata hivyo, si jamii zote za eneo hilo zilizojiunga na vita. Nakaam, mtawala wa Kiyao wa Chitangali, aliwapinga wapiganaji wa Majimaji. Tofauti hiyo ni hazina kwa mwalimu, kwa kuwa inawawezesha wanafunzi kujadili kwa nini watu waliokuwa chini ya utawala mmoja wa kikoloni walifanya maamuzi yasiyofanana.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilifika uwandani mwaka 1916. Majeshi ya Ureno yalivuka Ruvuma yakitokea Msumbiji na mwezi Oktoba yakaiteka Newala. Mwezi uliofuata majeshi ya Wajerumani yaliizingira ngome hiyo na kuwakatia Wareno chanzo cha maji, hatua iliyowalazimu kuondoka. Mwanafunzi wa Newala anayejua adha ya kufuata maji bondeni hahitaji maelezo marefu ili aelewe kwa nini chemchemi moja iliamua hatima ya ngome.

Oktoba 1917 mapigano makali yalitokea Mahiwa, katika mkoa wa sasa wa Lindi, ambako zaidi ya askari 2,000 wa upande wa Uingereza waliuawa au kujeruhiwa, wengi wao wakiwa Waafrika, wakiwemo wa kutoka Nigeria. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alirudi nyuma hadi uwandani, akapunguza jeshi lake na kuwaacha wagonjwa na majeruhi, kisha Novemba 25, 1917 akavuka Ruvuma na kuingia Msumbiji. Siku hizo hizo puto kubwa la kijeshi la Ujerumani, L59, lilikuwa limeruka kutoka Bulgaria likiwa na takribani tani 15 za dawa, risasi na mahitaji mengine, likikusudia kutua Uwanda wa Makonde. Lilifika anga la Sudan, likaamriwa kurudi.

Vita ya tatu ni ya ukombozi wa Msumbiji, iliyoanza Septemba 25, 1964. Tanzania ilikuwa ngome ya nyuma ya FRELIMO, chama kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962. Wapiganaji walipata mafunzo Nachingwea, na wakazi wa ukanda wa Ruvuma waliishi na athari za vita hiyo hadi mapatano ya mwaka 1974. Huko Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, wamezikwa askari wa Tanzania waliopoteza maisha nchini Msumbiji.

Kitu kimoja, maswali mengi

Kujifunza kwa kushika hakumaanishi kupitisha kitu darasani ili kila mmoja akitazame na kukirudisha. Somo la namna hii huenda kwa hatua. Kwanza, wanafunzi wanaeleza wanachokiona bila kukisia: kimetengenezwa kwa nini, kina uzito gani, kina maandishi gani, kimechakaa wapi. Pili, wanauliza nani alikitengeneza, nani alikitumia na kilifikaje hapo. Tatu, wanalinganisha majibu yao na kitabu, ramani, picha na simulizi ya mzee. Mwisho, wanaandika wanachoweza kukithibitisha na kukitenga na wanachokisia.

Mfano mzuri ni sarafu ya hela ya Wajerumani. Rupia moja ilikuwa na hela 100, na kutokana na sarafu hiyo neno "hela" limebaki katika Kiswahili hadi leo. Mwanafunzi akiikuta sarafu ya hela 20 ya mwaka 1916, ataona kwamba haina unadhifu wa zile za miaka ya amani. Sababu yake ni vita yenyewe: baada ya Uingereza kuziba njia za bahari, fedha hazikuweza kuletwa kutoka Ujerumani, hivyo zikatengenezwa Tabora katika karakana ya reli. Kwa sarafu moja darasa limejifunza uchumi wa vita, usafiri, ufundi na lugha.

Picha nazo ni mabaki ya historia. Mwaka 1906, mwaka mmoja tu baada ya Majimaji kuzuka, mtafiti wa Kijerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala akipiga picha, akirekodi nyimbo na kukusanya vitu vilivyopelekwa makumbusho ya Leipzig. Wanafunzi wanapojadili picha za safari hiyo wanaweza kuuliza swali zito zaidi: kwa nini vitu vya mababu wa Masasi na Newala viko Ulaya, na vilitoka mikononi mwa wenyewe katika mazingira gani?

Hesabu ya mzigo wa mpagazi

Vita ya Kwanza ya Dunia katika Afrika Mashariki ilibebwa vichwani mwa watu. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe, barabara zilikuwa chache, na kila gunia la unga lilihitaji mpagazi. Makadirio ya wanahistoria yanaonesha kuwa wapagazi waliokufa upande wa Uingereza pekee walikaribia 100,000, wengi kwa maradhi, njaa na uchovu. Jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam linatokana na jina la Kiingereza la kikosi hicho cha wapagazi.

Vifaa vyao havionekani kwa wingi katika makumbusho, kwa kuwa mpagazi hakuwa na bunduki wala nishani. Hapa mwalimu anaweza kutengeneza kitu cha kushikwa. Wanafunzi wafunge mzigo wa kilo 25, uzito unaokaribiana na mzigo wa kawaida wa wakati huo, kisha wauinue kidogo chini ya uangalizi wa mwalimu. Baada ya hapo wapige hesabu: ikiwa mpagazi anakula kilo moja ya unga kwa siku, na safari ni siku 10 kwenda na siku 10 kurudi, amekula kilo 20 za mzigo wake mwenyewe. Kilo tano tu zinamfikia askari. Ili kumlisha askari mmoja kwa siku hizo 20, wapagazi wanne wanahitajika.

Kutokana na hesabu hiyo wanafunzi wanaelewa kwa nini majeshi ya pande zote yalichukua vijana kwa nguvu, kwa nini yalipora maghala ya vijiji, na kwa nini njaa ilifuata yalikopita.

Usalama hutangulia somo

Si kila kitu cha vita kinafaa kushikwa. Bomu, kombora au risasi ambayo haijalipuka inaweza kubaki hatari kwa miongo mingi, na kutu huongeza hatari hiyo. Mwanafunzi anayeona chuma asichokitambua shambani hapaswi kukigusa, kukigonga, kukitia motoni wala kukipeleka shuleni ili kumfurahisha mwalimu. Anapaswa kuweka alama kwa mbali, kuondoka na kumweleza mtu mzima, ambaye atatoa taarifa kwa uongozi wa kijiji au kituo cha Polisi kilicho karibu.

Aidha, silaha na risasi, hata za zamani, zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Shule haipaswi kuzipokea wala kuzihifadhi. Pale somo linapohitaji kifaa cha aina hiyo, vinyago vya mfano vinatosha, na Uwanda wa Makonde una wachongaji mahiri wanaoweza kuvitengeneza kwa kufuata picha.

Wajibu wa jamii katika kuhifadhi

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 1979, inadhibiti uchimbaji wa malikale na usafirishaji wake nje ya nchi. Hivyo wanafunzi hawaruhusiwi kuchimba maeneo ya mapigano wala makaburi kwa lengo la kutafuta zana za somo. Kitu kikiokotwa juu ya ardhi, taarifa ya mahali kilipookotwa ina thamani sawa na kitu chenyewe: kijiji, shamba, tarehe na jina la aliyekiona viandikwe siku hiyo hiyo. Chuma kisicho na maelezo hayo hakiwezi tena kueleza kilichotokea mahali kilipotoka.

Tishio lililo karibu zaidi ni mizani ya vyuma chakavu. Kipande kinachouzwa kwa kilo leo kinayeyushwa, na ushahidi wake unapotea moja kwa moja. Kabla ya kuuza chuma cha zamani chenye maandishi au umbo lisilo la kawaida, mwananchi anashauriwa kukionesha kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri yake. Familia inayomiliki sarafu, barua au picha za zamani hailazimiki kuitoa shuleni moja kwa moja. Inaweza kuiazima kwa siku ya somo kwa maandishi, au kuruhusu ipigwe picha na kurudishwa.

Hazina isiyoweza kusubiri ni kumbukumbu za watu. Hakuna tena wa kusimulia kwa macho yake vita ya mwaka 1917. Waliokuwa vijana wakati FRELIMO ikipigana ng'ambo ya Ruvuma, hata hivyo, bado wapo katika vijiji vya mpakani, na sasa ni wazee. Shule inaweza kuanza na daftari moja la simulizi: wanafunzi wawili kwa kila mzee, kwa ridhaa yake, maswali yakiwa yameandaliwa na mwalimu, na nakala moja ikibaki kwa familia ya msimuliaji. Kazi hiyo haihitaji bajeti kubwa, na inaweza kuanza muhula huu.