Zakayo Juu ya Mkuyu

Wakenya wamejaliwa kipaji cha kubandika majina ya utani, na majina hayo aghalabu huishi kuliko yale ya vyeti. Walakini sidhani kwamba wamepata kubandika jina lililokaa vyema kama lile walilompa Rais wao, William Ruto, katika mwaka wa 2023, petroli ilipopanda bei na makato ya mishahara yalipozidi, walipoanza kumwita Zakayo. Msomaji wa Injili ya Luka anamfahamu mtu huyo: mkuu wa watoza ushuru wa Yeriko, tajiri, mfupi wa kimo, aliyepanda juu ya mkuyu apate kumwona Yesu akipita, naye akaambiwa ashuke upesi. Vijana waliojaa barabarani Nairobi, Mombasa na Kisumu mwezi wa Juni 2024 walilichukua neno lile moja, "shuka", wakaligeuza kiitikio. Waliloliacha, labda kwa sababu halichezeki, ni kwamba Zakayo aliposhuka aliahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Nami naona kwamba ugomvi wote wa Wakenya na wakuu wao umo katika sehemu hiyo ya hadithi isiyoimbwa.

Kutozwa si jambo geni katika nchi hizi. Neno ushuru tulilipokea kwa Waarabu, na asili yake ni fungu la kumi. Katika karne ya 19, Sayyid Said wa Unguja hakuwa na maofisa wa kuketi forodhani na kuhesabu majora na pembe. Aliikodisha forodha kwa wafanyabiashara wa Kihindi, mashuhuri wao akiwa Jairam Shivji, wakamlipa jumla maalumu kila mwaka, kisha wao wakajifidia kwa merikebu na majahazi yaliyotia nanga. Kwa mkataba wa 1833 mfanyabiashara wa Marekani alitozwa asilimia 5 ya shehena yake, na mambo yakaisha pale pale ufukoni. Waingereza walipoitawala bara walileta jambo jingine kabisa, yaani kodi ya nyumba ya mwaka wa 1901, ambayo makusudio yake hayakuwa fedha peke yake, bali pia kumtoa mtu shambani kwake akatafute ujira kwa mlowezi. Kodi hiyo ilipofikishwa shilingi 16 mwaka wa 1921, ndipo kijana Harry Thuku alipopaza sauti. Akakamatwa Machi 1922, na umati uliokwenda kumdai nje ya kituo cha polisi cha Nairobi ukapigwa risasi. Kodi ikashushwa hadi shilingi 12. Asomaye habari za 2024 bila kuikumbuka hiyo ya 1922 atadhani kwamba vijana wa leo wamezua jambo, na kumbe wamelirithi.

Sasa yafaa tueleze kodi ya zama hizi inavyofanya kazi, maana wengi huilaani pasipo kuijua, na serikali nazo hufaidika kwa kutojulikana huko. Mwaka wa fedha wa Kenya huanza tarehe 1 Julai. Kabla ya hapo serikali hupeleka Bungeni makadirio ya matumizi, na pamoja nayo Mswada wa Fedha, ambao ndio unaosema fedha hizo zitatoka mifukoni mwa nani. Katiba ya 2010, kifungu cha 210, inakataza kodi yoyote kutozwa, kusamehewa au kubadilishwa ila kwa sheria. Na kifungu cha 201 kinataka uwazi, ushirikishwaji wa wananchi, na mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Kodi ya mapato humwona mwenye mshahara, humkata kabla hajaushika. Ile ya ongezeko la thamani, ambayo kwa kawaida ni shilingi 16 juu ya kila 100, haibishi hodi kwa mtu. Hujificha ndani ya bei, humngojea mnunuzi dukani, na haimuulizi kama yeye ni mbunge au ni mama mboga. Mkate wa kawaida ulikuwa umewekwa katika orodha ya vitu vinavyotozwa sifuri, na Mswada wa 2024 ulitaka kuutoa humo. Kwa mkate wa shilingi 65, hiyo ni nyongeza ya kiasi cha shilingi 10: si kitu kwa mtu anayekula mkate kwa hiari, ila kwa mtu ambaye mkate ndio kifungua kinywa cha watoto wanne, ni hesabu ya kila alfajiri.

Na mkate haukuwa peke yake. Mafuta ya kupikia yangelipiwa ushuru wa asilimia 25; gari lingelipiwa kila mwaka asilimia 2.5 ya thamani yake, isipungue shilingi 5,000 wala isizidi 100,000, na kwa kikomo hicho cha juu mwenye gari la fahari kubwa angepumzika mahali ambapo mwenye kigari kikuukuu hapumziki. Ushuru wa ada za kutuma fedha kwa simu ungepanda kutoka asilimia 15 hadi 20. Na ilitungwa tozo ya mazingira iliyogusa hata nepi za watoto. Jumla iliyotafutwa ilikuwa shilingi bilioni 346. Haya yote yalimshukia mtu ambaye mwaka uliotangulia alikwisha kuona kodi ya mafuta ya gari ikipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, na asilimia 1.5 ya mshahara wake ikikatwa kwa ajili ya nyumba za bei nafuu ambazo hajui kama atalala ndani yake. Isitoshe, serikali iliyoyafanya haya ilikuwa imechaguliwa Agosti 2022 kwa jina la mnyonge, mwendesha bodaboda na mama mboga.

Insafu yataka tuseme pia upande wa pili. Hazina haikuwa na raha. Deni la taifa lilikuwa limepita shilingi trilioni 10, na mkopo wa dola bilioni 2 uliochukuliwa 2014 ulikuwa unaiva Juni 2024, hata serikali ikalazimika, Februari ya mwaka huo, kukopa dola bilioni 1.5 kwa gharama iliyozidi asilimia 10 ili ilipe sehemu ya ule wa zamani. Sehemu kubwa ya deni hilo Rais aliirithi, ingawa kwa miaka mingi alikuwa Naibu katika serikali iliyolikopa. Mtu aliyezama katika deni hana budi kuongeza kipato au kupunguza matumizi, na hakuna mwenye akili asiyelielewa hilo. Swali la wananchi lilikuwa: mbona la kwanza lilianzwa mara moja, na la pili halikuanzwa kabisa?

Maana walikuwa na macho. Mwezi wa Mei 2024, wiki chache kabla ya kodi ya mkate kujadiliwa Bungeni, Rais alikwenda Marekani kwa ziara rasmi katika ndege ya fahari iliyokodiwa, na ndege ya serikali ikabaki. Alipoulizwa, alijibu kwamba gharama haikufika shilingi milioni 10. Pengine ni kweli. Lakini mtu anayeambiwa afunge mkanda humtazama kwanza anayemwambia, tena hutazama kiunoni. Makadirio yalikuwa na fungu la ofisi za wake za wakubwa, na fungu la washauri. Zilikuwa zimeundwa nafasi 50 za mawaziri wasaidizi hata Mahakama Kuu ikazibatilisha mwaka wa 2023. Wabunge walikuwa wakijionyesha kwa saa za mkononi na viatu, wakirusha picha zao wenyewe, na vijana, wasiohitaji mpelelezi, wakaketi na simu zao wakatafuta bei za vitu hivyo na kuzitangaza kitu kwa kitu. Sijui takabari gani iliyo nyepesi kuhesabiwa kama hiyo.

Na kwa habari ya wabunge, Wakenya wana kumbukumbu ndefu. Bunge lililochaguliwa Desemba 2002, kwa matumaini ambayo waliokuwapo hawayasahau, miongoni mwa mambo yake ya kwanza lilijiongezea malipo. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya marupurupu ya wabunge haikulipiwa kodi, hata Katiba mpya ikalazimika kuandika waziwazi kwamba hakuna sheria itakayomsamehe ofisa wa serikali kulipa kodi kwa sababu ya cheo chake. Nchi haiandiki katazo kama hilo kwa mchezo. Mwaka wa 2013 wabunge walipodai tena nyongeza, waandamanaji walipeleka nguruwe mbele ya lango la Bunge na kumwaga damu, mfano ambao kwetu pwani ungekuwa mzito kupita maelezo.

Basi yaliyofuata yanajulikana. Namba za simu za wabunge zilisambazwa, na vijana wakahimizana "kuwasalimia", wakawapelekea salamu kwa maelfu mchana na usiku, mpaka simu za watu wakubwa hazishikiki. Nakiri kwamba nilicheka; kwetu salamu ni haki ya mtu, na kumnyima ni kumtweza, nao hawakuwa wamesalimiwa na waheshimiwa hao tangu siku ya kura. Tarehe 18 Juni kodi ya mkate na ya magari ziliondolewa, lakini mambo yalikuwa yamekwisha kuvuka mkate. Tarehe 25 Juni wabunge 195 waliukubali Mswada, 106 wakaukataa. Waandamanaji wakaingia Bungeni, risasi zikalia, na watu wakafa. Siku ya pili Rais alitangaza kwamba hatatia saini. Tume ya taifa ya haki za binadamu ilihesabu maiti 39 mwanzoni mwa Julai, na hesabu ikapanda baadaye.

Tarehe 5 Julai ilitoka orodha ya kubana matumizi: mashirika 47 ya umma yavunjwe, washauri wapunguzwe nusu, ununuzi wa magari mapya usimamishwe kwa miezi 12, safari zisizo za lazima zikome, na bajeti za ofisi za mke wa Rais na wake za wasaidizi wake zifutwe. Nyongeza ya mishahara ya wabunge iliyokuwa imeanza mwezi huo nayo ilisimamishwa. Wengi waliipongeza orodha hiyo. Mimi niliisoma kama ikirari, kwa kuwa kila kitu kilichoweza kufutwa siku kumi baada ya risasi za Bungeni kingaliweza kufutwa siku kumi kabla yake.

Mahakama ya Rufani iliibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023 mwisho wa Julai, na Mahakama ya Juu ikairudisha Oktoba. Desemba, sheria nyingine za kodi zikatiwa saini, zikiwa na baadhi ya mambo yaliyokataliwa Juni, Krismasi ikikaribia. Tarehe 25 Juni 2025, siku ya kumbukumbu, barabara ya Bunge ilizungushiwa seng'enge, vijana wakarudi na maua na picha za waliokufa, na siku hiyo pia wengine hawakurejea makwao. Kesho yake Rais akatia saini Sheria ya Fedha ya mwaka huo. Mkate ulibaki katika orodha ya sifuri.